Wino Usiokauka

Ni nadra, katika miaka hii ya karibuni, kukuta wino uliosifiwa na wapenzi wa kalamu za wino kama ule wa buluu iliyokoza wenye mng'ao mwekundu. Ukiwa chupani ni mweusi kama usiku wa kiza. Ukitoka kwenye ncha ya kalamu ni buluu ya bahari kuu, ile aionayo nahodha akishavuka mwamba na kuyaacha nyuma maji mafupi. Kisha, maji yanapopungua ndani ya herufi, hutukia jambo limfanyalo mtu aiinamishe karatasi huku na huku mbele ya taa: pale wino ulipojaa zaidi, penye kona ya herufi na penye nukta, buluu huvikwa ngozi ya shaba. Karatasi ikitazamwa moja kwa moja ni buluu. Ikiinamishwa ni nyekundu. Hicho ndicho kinachouzwa, na hapana haja ya kubisha kwamba ni kizuri.

Ubishi unaanzia kwingine. Wino huu husifiwa kama kitu cha kuandikia, na miongoni mwa waandikao wamo washairi. Mshairi kijana wa Unguja, Pemba au Lamu atakaye wino mzuri leo hauoni dukani kwa urahisi; huuona kwenye picha, akauagiza kwa picha. Picha humwonyesha ule wekundu na hazimwonyeshi kitu kingine. Hazimwambii kwamba ameuziwa wino ambao, kwa maana kamili ya neno, haukauki, na kwamba utenzi utakaoandikwa kwao umewekwa rehani kwa tone la kwanza la mvua.

Sababu ya kutokauka na sababu ya kung'aa ni moja, nayo inafaa ielezwe, kwa kuwa wausifiao huzitenga mbili hizo kana kwamba moja ni fadhila na nyingine ni bahati mbaya. Wino wa aina hii hutengenezwa kwa rangi zinazoyeyuka katika maji, nazo zimetiwa kwa wingi kupindukia. Katika wino wa kawaida maji huichukua rangi mpaka ndani ya nyuzi za karatasi, na humo ikabaki. Katika huu, rangi ni nyingi mno hata nyuzi haziwezi kuipokea yote. Ile ziada hukaa juu na kuwa utandu. Na utandu mzito wa rangi una tabia ya ajabu. Mwanga mwekundu, ambao rangi ya buluu ikiwa nyembamba huumeza, hurudishwa na uso wa rangi hiyohiyo ikiwa nzito, kama urudishwavyo na kipande cha madini kilichosuguliwa. Wekundu ule, basi, haukutiwa chupani na mtu yeyote. Hamna unga wa shaba wala wa dhahabu ndani yake, tofauti na wino wa aina nyingine uliotiwa vumbi la kumetameta. Ni buluu ileile iliyozidi kipimo. Ukiondoa utandu umeondoa mng'ao, na ukiuacha utandu umeiacha juu ya karatasi rangi isiyoshikamana na chochote, inayongoja kidole chenye jasho.

Watu wa pwani hawakuhitaji chupa kutoka ng'ambo ili waujue mng'ao huu. Nili iliwafundisha zamani. Bonge la nili kavu likisuguliwa kwa ukucha huacha mstari wa rangi ya shaba, na wafanyabiashara wa nili waliutumia mstari huo kupimia ubora wa mali yao. Nguo za nili za Yemen, zilizopigwa kwa magongo mpaka zikang'aa, zilijulikana kwa mambo mawili yasiyotengana: kwa kung'aa kwake na kwa kumwambukiza rangi aliyezivaa. Mvaaji hakulalamika. Shingo ya buluu ilikuwa dalili kwamba nguo ni mpya na ni nzuri. Lakini hapana aliyeandika wasia wake kwa shingo ya mtu.

Katika wino wa kisasa, wa zamani unaokumbukwa zaidi ni Penman Sapphire wa kampuni ya Parker, uliouzwa katika miaka ya 1990 kisha ukaachwa kutengenezwa. Chupa zake zilizobaki zilitafutwa kama lulu. Baada yake ikaja mingi. Upo Majestic Blue wa Diamine, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1864 na ambayo leo makao yake yako Liverpool. Upo Nitrogen wa Organics Studio ya Marekani, ambao wekundu wake ni mzito kiasi kwamba kwenye karatasi fulani buluu yenyewe hukaribia kutoweka. Hao wa mwisho hawamfichi mtu kitu: kila anayeutumia Nitrogen anajua, na husema, kwamba maneno yaliyoandikwa juma lililopita yanaweza kupakazika leo. Ajabu ni kwamba husema hivyo akicheka, kisha akaendelea kuusifu.

Kinachostahili kulaumiwa zaidi ni namna wino unavyojaribiwa. Mjaribu hukaa katika chumba kikavu, aghalabu katika nchi ya baridi, akaandika kwa kalamu yenye ncha pana inayomwaga wino kwa ukarimu. Karatasi yake ni Tomoe River ya Japani, nyembamba kama ganda la kitunguu, yenye uzito wa gramu 52 kwa mita ya mraba, iliyotengenezwa kwa ustadi ili isinywe wino upesi. Wino hulala juu yake kama maji juu ya jani la myugwa. Hapo ndipo mng'ao hujitokeza wote, na hapo ndipo picha hupigwa. Kisha mjaribu hutoa hukumu, na hukumu hiyo husomwa na mtu ambaye hana hata kimoja kati ya vile vilivyomo mezani mwa mjaribu.

Alichonacho mshairi wa visiwani ni daftari la shule. Karatasi ya daftari la shule hunywa. Wino wa mng'ao ukiiangukia, rangi huzama, utandu haufanyiki, na wekundu uliolipiwa fedha hauonekani kabisa, au huonekana kama doa dogo penye nukta. Kinachobaki ni buluu nzito, imetandaa pembezoni mwa herufi kama mizizi ya mkoko, na imetokeza upande wa pili wa ukurasa kiasi kwamba ukurasa huo hauandikiki tena. Mshairi amepata kasoro zote za wino ule na hakupata sifa yake moja. Akijitahidi akaipata karatasi ya Japani, amepata mng'ao, na pamoja nao amepata utandu. Na sasa itamlazimu kupambana na hewa.

Hewa hii ndiyo wasiyoijua wajaribu. Wakati wa masika chumvi huloweka kwenye kopo lake, milango ya mbao huvimba ikagoma kufungwa, na kitabu kilichoachwa sandukuni hutoka na madoa ya ukungu. Utandu wa rangi inayoyeyuka katika maji hauwezi kukaa mkavu katika hewa ya namna hiyo. Huvuta unyevu, ukalainika, ukashikamana na ukurasa unaoukabili. Na daftari likifungwa kwa siku kadhaa kisha likafunguliwa, beti za kulia zimejichapa kinyumenyume juu ya beti za kushoto. Mkono nao una jasho lake. Kwa hati za Kirumi, mwenye kuandika kwa mkono wa kulia huweza kuponea chupuchupu, kwa kuwa mkono hukimbia mbele ya maneno. Kwa hati za Kiarabu, ambazo ndizo zilizobeba ushairi wa Kiswahili kwa karne kadhaa na ambazo wako vijana wanaojifunza tena kuziandika, kalamu huelekea kushoto na kiganja cha kulia hufuata nyuma yake, juu ya neno lililotoka kuandikwa. Khatati aliyetulia huuweka mkono chini ya mstari. Anayejifunza hajatulia bado. Mpe wino wa mng'ao, na ukurasa wake wa kwanza wa hati za Kiarabu utakuwa wingu la buluu, naye atadhani kosa ni la mkono wake.

Pwani imekuwa na elimu ya wino, na elimu hiyo ilitambua aina mbili kwa kazi mbili. Upo wino wa kubaki. Huu ulikuwa wa masizi yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya mti: masizi ni kaa, na kaa halifi kwa mwanga wala haliyeyuki katika maji, likishaingia katikati ya nyuzi za karatasi limekwisha ingia. Na upo wino wa kuondoka. Mwalimu aandikapo kombe kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya marashi na kumpa mgonjwa anywe, ametumia wino ambao sifa yake ya kwanza ni kufutika. Ungegoma kufutika ungekuwa umeshindwa kazi. Watoto wa chuo nao waliandika juu ya mbao zilizooshwa kila somo lilipohifadhiwa, na hapana aliyezilaumu mbao hizo kwa kusahau, maana somo lilikwisha hamia kifuani. Kila wino ulijua kazi yake, na kila mwandishi alijua ni upi autie kidauni. Wino wa mng'ao umetengenezwa kwa tabia ya zafarani ukauzwa kwa bei ya wino wa kumbukumbu. Hudumu vibaya na haunyweki.

Yako yaliyobaki, na kwa sababu yamebaki yanajulikana. Barua za Kiswahili za kale zaidi zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu. Zilivuka bahari, na leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, huko Uhindi, katika pwani nyingine ya bahari hiyohiyo yenye masika yake makali. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ya karne ya 18 na ya 19, ilipambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano, na yeyote aliyeiona hawezi kudai kwamba watu wale waliuogopa uzuri. Lakini itazamwe jinsi walivyougawa: mapambo yalipewa pambizo na vichwa vya sura, na maneno yenyewe yakaandikwa kwa weusi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, alinakili tendi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann. Nakala zake zimehifadhiwa, baadhi yake London, na hati yake husomeka herufi kwa herufi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, huko Lamu, nayo imepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuziokoa nyaraka zilizo hatarini. Mpango ule ulikuta kitu cha kupiga picha. Waliokuja na kamera zao walikuta maneno mahali yalipoachwa na kalamu.

Wako watakaojibu kwamba washairi wa kale wenyewe waliupenda wino mzuri. Ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko zote zitolewazo upande wa pili. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anaanza kwa kumtaka bintiye alete wino na karatasi, na tendi nyingi hufunguliwa kwa agizo la aina hiyo, vyombo vya kuandikia vikasifiwa kabla ya jambo lenyewe kutajwa. Lakini msomaji na aulize: Mwana Kupona alitaka wino kwa ajili gani? Alikuwa mgonjwa, na bintiye alikuwa bado kijana. Alitaka maneno yake yabaki na binti huyo maishani mwake. Mama wa namna hiyo hakuwa akitafuta kitu cha kuinamisha mbele ya taa.

Wengine watasema kwamba mswada ni rasimu tu. Shairi likikamilika hupigwa chapa au huhifadhiwa ndani ya simu, na karatasi ikatupwa. Wasemao hivyo huwa hawajawahi kumtafuta mshairi aliyefariki katika karatasi zake. Simu huibiwa, huzama, hubadilishwa, na neno la siri hufa na mwenyewe. Chapa nayo hutoa neno la mwisho tu. Neno lililokatwa na jingine likaandikwa juu yake, mizani iliyohesabiwa pembeni kwa vijistari, kina kilichojaribiwa mara tatu kabla ya kukubali: hayo yamo katika mswada peke yake, na ndiyo shule ya kila mshairi anayekuja nyuma. Ni tendi ngapi zimefika mikononi mwa wasomaji kwa sababu ya nakala moja iliyosalia sandukuni kwa jamaa? Wanaozihariri tendi wanajua uzito wa nakala moja. Neno moja lililopakazika huzua mabishano ya miaka, kila mhariri akilijaza pengo kwa ladha yake.

Na wako wasemao tu kwamba wino ule unafurahisha, na kwamba furaha ya mwandishi ni sehemu ya kuandika. Hao waachwe na furaha yao. Kadi ya harusi inafaa kwa wino wa mng'ao, na mkono wa Idi pia, na mazoezi ya hati kwa mtu anayependa kuyatazama kisha ayatupe. Barua ya mahaba haifai hata kidogo, kwa kuwa barua ya mahaba ikisomwa inavyostahiki huangukiwa na chozi.

Lawama inawaangukia wale wanaotoa hukumu. Aupimaye wino na apime kile ambacho wino huombwa. Aandike ubeti mmoja kwenye daftari la shule na ubeti huohuo kwenye karatasi nzuri. Auache mchana na usiku. Apitishe kidole kilichoguswa maji juu ya mstari wa kwanza, adondoshe tone juu ya mstari wa pili, auache mstari wa tatu vivyo hivyo. Ukurasa mwingine auweke dirishani mwezi mzima, nusu ikiwa imefunikwa kwa kadi, kisha alinganishe nusu mbili hizo, kwani rangi nyingi za kuyeyuka hufifia mwangani hata bila kuguswa. Daftari jingine alifunge wakati wa masika na kulifungua mvua zikikoma. Akishafanya hayo, aseme lolote apendalo kuhusu mng'ao. Wengi huanza na mng'ao na kuishia hapo, na tabia hii si ya wino peke yake. Yako mashairi yanayohukumiwa vivyo hivyo, kwa vina vinavyowaka, na hapana aliyepitisha kidole.

Anayependa buluu iliyokoza hakunyimwa. Kampuni ya Sailor ya Japani hutengeneza Sei-boku, wino wa buluu-nyeusi ambao rangi yake ni chembe ndogo mno, si rangi ya kuyeyuka. Chembe hizo hukaa katika nyuzi kama masizi ya kale yalivyokaa, na ukikauka maji hayauondoi. Atakaye weusi kamili anao Carbon Black wa Platinum, ambao ni kaa hasa, mjukuu wa masizi ya jikoni. Upo pia wino wa chuma, unaotokana na asidi ya vivimbe vya mti wa mwaloni ikichanganywa na chumvi ya chuma: huandikika buluu, kisha hewa ikaugusa ukaendelea kuwa mweusi siku baada ya siku, ukiwa umeshikamana na karatasi. Pelikan wa Ujerumani huuza wa namna hiyo kwa jina la 4001 buluu-nyeusi, na Rohrer & Klingner huuza Salix. Huko Uingereza na Wales daftari za ndoa ziliandikwa kwa mkono kwa wino wa chuma mpaka mwaka 2021, zilipohamishiwa kwenye kompyuta. Serikali ile haikutaka ndoa za watu zifutwe na kikombe cha chai. Ni haki kutaja pia aibu ya wino wa chuma: ule wa kale, ulipotiwa asidi kupita kiasi, uliila karatasi, na iko miswada ya Ulaya ambayo herufi zake zimekuwa matundu. Wa kalamu za leo ni mpole zaidi, lakini mwenye karatasi ya thamani na afadhali achague chembe za kaa.

Wino wa kubaki una adabu zake. Kalamu iliyotiwa wino wa chembe isiachwe ikakauka, maana kile kinachoushikamanisha na karatasi huushikamanisha na mrija wa kalamu pia. Iandikiwe kila siku, au ioshwe kabla ya safari. Na kalamu iliyokuwa na wino wa mng'ao ioshwe kwanza kwa maji ya kawaida, mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, mpaka yatoke meupe kabisa, ndipo itiwe wino mwingine; aina mbili zikikutana ndani ya kalamu moja huweza kuganda.